Stoo ya zamani mpaka meza ya sebuleni: anza hapa kama hujawahi kushika mbao kuukuu

Maswali ni yale yale kila wiki. Mtu amebomoa stoo ya babu yake huko Molo anauliza apige randa wapi, mwingine ametengeneza meza imepasuka katikati hata mwezi haujaisha, mwingine ananitumia picha ya mbao nyeusi kama mkaa anauliza kama ni ya maana ama achome. Nimeona niandike yote pahali pamoja, ukiuliza tena nakutumia hii.

Mimi kazi yangu iko Nakuru, na mbao nyingi natoa Njoro, Elburgon, Molo, Rongai na Subukia. Huku reli ilipopita kwenda Kisumu mwaka 1901, masetla, wale walowezi wa Kizungu, walifuata wakajenga stoo za mahindi, mabanda ya farasi na ya ng'ombe wa maziwa, nyumba za kunyolea kondoo, na mbao zilikuwa za miti mikubwa ya msituni, miti ambayo sai huwezi kuipata dukani hata ukiwa na pesa. Baada ya uhuru mashamba yakagawanywa, majengo yakabaki, na sasa yanaanguka moja moja. Mengi yanaishia jikoni kama kuni. Hiyo huniuma sana, na ndio sababu naandika hii kwa urefu.

Kitu kimoja ushike kabla ya mengine: kwa hii kazi, kutengeneza meza ndio sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kuchagua, kung'oa misumari na kusubiri mbao itulie. Wale hushindwa si ati hawajui kushika msumeno, ni haraka.

Tutatengeneza meza ya sebuleni ya futi 4 kwa futi 2, ile ya kuweka chai. Ukiiweza hiyo, ya kulia chakula ni vipimo tu vinabadilika.

Mbao utakayokutana nayo

Seda, ile wazee wa Kikuyu huita mutarakwa na Wakalenjin tarakwet. Ndani ni nyekundu inayoelekea zambarau, ukiikwaruza inanukia kama penseli mpya, na kweli penseli zilitengenezwa nayo. Mchwa haiipendi, ndio maana nguzo za seda za miaka mingi bado zimesimama. Ubaya wake inapasuka haraka, ukipiga msumari bila kutoboa kwanza imekwisha.

Podo ni ya manjano hafifu, haina mistari mingi, inapigika randa vizuri sana. Lakini ikikaa kwa maji inaoza, so ile ya chini karibu na mchanga usiitegemee.

Saipresi ni nyepesi, ina vifundo vingi, na ndio utapata zaidi kwa majengo ya baadaye. Ni nzuri kwa anayeanza sababu haichoshi mkono.

Mvule utaipata zaidi ukienda upande wa Magharibi, Kakamega, Busia, Bungoma. Kahawia, nzito kiasi, inadumu. Angalia mambo mawili: vumbi yake inawasha pua na ngozi, na wakati mwingine ndani kuna vipande vigumu kama jiwe ambavyo vinamaliza makali ya randa ghafla. Hilo si jiwe limewekwa na mtu, mti wenyewe huliweka.

Mkaratusi, ile wengi huita bluugamu, ni nzito na ina nguvu lakini inapinda sana. Mimi huitumia miguu tu, sio juu ya meza.

Kama hujui ni gani usijali. Kata kipande kidogo, piga randa upande mmoja, pelekea fundi mzee yeyote wa mbao anuse na aangalie, dakika mbili atakuwa amekuambia.

Vitu uwe navyo kabla hujaanza

- Mtarimbo, koleo ya misumari, nyundo mbili (moja nzito) na panchi ya kusukuma msumari
- Sumaku yenye nguvu. Ya spika kuukuu inatosha, nenda kwa fundi wa redio
- Glavu nene, miwani ya macho, viatu vigumu na barakoa ya N95, sio ile ya kitambaa
- Brashi ngumu ya plastiki na nyingine ya nyaya za shaba
- Msumeno wa mkono ama wa umeme, patasi ya nusu inchi na ya robo tatu, randa ya mkono
- Tepu, skwea, penseli, rula ndefu ya chuma iliyonyooka
- Klampu zisizopungua nne za futi 3. Kama huna, nitakuonyesha njia
- Gundi nyeupe ya mbao, msasa namba 80, 120, 180 na 240
- Drili na skrubu
- Vanishi ama mafuta ya mbao

Mashine kubwa ya kupiga randa huhitaji kununua. Nakuru, Kisumu, Eldoret, Kakamega, kila mahali kuna karakana za juakali zinazopiga randa kwa malipo. Ila kuna jambo kuhusu hilo, liko hatua ya 6, usiliruke.

Mbao zenyewe: za inchi 6 kwa inchi 1 (upana kwa unene) za futi nne na nusu, tano. Za 4 kwa 1, uwe na futi 12 kwa jumla. Za miguu, 3 kwa 3, vipande vinne vya inchi 20. Halafu ongeza theluthi moja juu ya hiyo hesabu. Mbao kuukuu lazima itapotea kiasi, pande zimeoza, pengine msumari umepasua, mwisho mmoja mdudu amekula. Ukinunua kamili utakwama katikati na kupata inayofanana ni shida.

Hatua

1. Ongea na mwenye jengo vizuri, na uandikiane. Usiingie shamba la watu ukionyesha kidole. Salimia, kaa, kunywa chai kama umepewa. Kuna mama mmoja upande wa Subukia nilimwambia, "Mama, hii stoo ukiibomoa nataka mbao." Akaniambia, "Hizo si ni kuni tu kijana wangu, chukua." Zilikuwa seda safi, futi kumi na mbili kila moja. Ningechukua tu bure lakini nilimlipa na nikamuonyesha nyeusi ya nje na nyekundu ya ndani, ajue ni nini alikuwa nayo. Fanya hivyo. Huyo mama amenitafutia stoo zingine tatu kwa majirani.

Mkishaelewana andika karatasi: mwenye shamba ni nani, jengo gani, mbao ngapi, mmelipana ngapi, sahihi za wote wawili. Kama shamba ni la familia hakikisha si mtoto mmoja anauza bila wengine kujua, hiyo kesi hutaki kuwa ndani yake. Piga picha jengo likiwa limesimama. Halafu pitia ofisi ya Kenya Forest Service iliyo karibu uulize karatasi ya kusafirisha kabla hujaita pikapu, juu mbao barabarani inasimamishwa na askari hajui kama ni ya stoo ya zamani ama imekatwa msitu wa Mau jana usiku. Serikali ilipopiga marufuku ukataji kwenye misitu ya umma mwaka 2018, watu waliingiwa na uangalifu sana, na ni sawa. Safirisha mchana.

2. Kagua kabla ya kulipa. Chukua bisibisi, dunga mbao sehemu za chini na mahali mabati yalivuja. Ikiingia kama kwa mkate, hiyo imeoza. Angalia matundu madogo ya mdudu: kama matundu ni meusi ndani na hayana unga, mdudu aliondoka zamani, hakuna neno. Kama kuna unga mweupe ama wa rangi ya maziwa unamwagika ukigonga, mdudu yuko ndani anakula, iache hapo.

Na hapa nisikilize vizuri. Kuna mbao huwezi kuleta nyumbani hata ikiwa nzuri namna gani:

Mbao ya josho la ng'ombe na banda lililo karibu nalo. Dawa za kupe za zamani zilikuwa na aseniki, na inakaa kwenye mbao miaka na miaka.

Mbao ya stoo iliyowekwa dawa za shamba na mbolea. Uliza wazee pale, "Hapa kulikuwa kunawekwa nini?" Watakuambia.

Nguzo na mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani ama zinanuka lami. Usizikate, usizichome, na usipikie nazo chakula hata kidogo.

Rangi ya zamani inayobanduka. Mara nyingi ilikuwa na risasi ndani. Ukiipiga msasa kavu ile vumbi inaingia kwa mapafu na watoto wanaibeba kwa mikono. Kama unaitaka mbao hiyo, iloweshe, kwangua ikiwa na maji, kusanya yale maganda kwenye mfuko, na watoto na mama wajawazito wasikae hapo karibu.

3. Bomoa kutoka juu kushuka. Mabati kwanza, halafu mbao za kushikilia mabati, kuta, mwisho nguzo. Usiwahi kuvuta nguzo ati ianguke yote mara moja, mbao zinapasuka na watu wanaumia. Angalia nyuki, mara nyingi wako kwenye kuta za mbao mbili, na ukiwaona tafuta mfugaji nyuki awatoe jioni, usiwashe moto kwenye jengo kavu la miaka sabini. Mkono usiingie mahali macho hayajafika, nyoka hupenda pale penye giza na panya. Kinyesi cha popo na cha panya kirashie maji kwanza ndio ufagie, na barakoa iwe usoni, vumbi yake ina magonjwa ya kifua.

Mbao usiipige nyundo kwa uso. Weka kipande cha mbao nyingine katikati, na mtarimbo uingie karibu na msumari sio katikati ya mbao.

4. Ng'oa misumari, yote, halafu rudia. Hapa watu wanachoka, na hapa ndio pesa inapotea.

Geuza mbao, piga ncha ya msumari kutoka nyuma mpaka kichwa kitokeze mbele kama inchi moja. Geuza tena, shika kichwa na mtarimbo ukiwa umeweka kibao chini yake ili usiache alama, vuta polepole. Uliopinda unyooshe kwanza. Uliovunjika kichwa, sukuma na panchi upande wa pili. Ukikataa kabisa, kata hicho kipande cha mbao utupe, ni afadhali kupoteza inchi tatu kuliko kuvunja meno ya mashine.

Halafu pitisha sumaku polepole pande zote nne, na mahali inavuta weka alama ya chaki. Kesho yake pitisha tena. Usicheke hilo la kesho, kila mara napata mingine miwili mitatu ambayo jana macho yalikuwa yamechoka. Alama nyeusi ya duara kwenye mbao inakuambia kulikuwa na chuma hapo, na kama hukumbuki kukitoa basi bado kiko.

Misumari weka kwa mkebe, usiache chini.

5. Safisha. Brashi kavu ya plastiki kwanza, kufuata mistari ya mbao. Kwa uchafu ulioshika tumia ya nyaya za shaba. Ya chuma inaacha vipande vidogo vinavyoshika kutu ukipaka vanishi ya maji, halafu unaona madoadoa meusi hujui yametoka wapi. Kama kuna kinyesi na matope, osha na maji ya sabuni kidogo, futa, weka kivulini. Usiloweke kwenye drami, na usianike juani siku nzima, itapasuka mwisho kama mdomo wa samaki.

6. Kausha. Tafadhali kausha. Watu huniambia, "Lakini hii mbao ina miaka sabini, si imekauka?" Umri si ukavu. Mbao inanyonya unyevu wa hewa na wa mvua kila siku ya maisha yake, so ile imekaa chini ya mabati yaliyotoboka huko Molo kwenye baridi na ukungu haiko sawa na ile itakaa sebuleni kwako.

Panga ndani ya nyumba yenye hewa, chini weka matofali, katikati ya kila safu weka vijiti vya inchi moja vilivyo sawa, na vijiti vyote vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu, la sivyo mbao itapinda kufuata vijiti. Juu weka uzito. Wiki sita mpaka nane. Kama una kipima unyevu, tafuta asilimia 10 mpaka 12. Kama huna, chukua kipande kimoja, kipime kwa mizani ya duka kila wiki uandike. Uzito ukikaa bila kubadilika wiki mbili mfululizo, mbao imetulia.

Meza yangu ya kwanza ya seda niliitengeneza wiki ile ile nilitoa mbao Elburgon. Ilikuwa zawadi ya dada yangu Kisumu. Miezi mitatu akanipigia, "Kaka, meza imefunguka katikati naona chini." Niliumia sana sababu mbao ile sitaipata tena. Nilikuwa nimefanya makosa mawili, hili la unyevu na lingine liko hatua ya 10.

Na kama unatengenezea mtu wa Kisumu ukiwa Nakuru, jua Nakuru iko karibu mita 1,850 juu na Kisumu iko chini karibu mita 1,130 kando ya ziwa, joto na unyevu si sawa. Mbao itatanuka kidogo ikifika. Wacha nafasi, nitakuonyesha wapi.

Sasa kuhusu mashine ya randa. Ukifika karakana mwambie mwenye mashine ukweli, "Fundi, hizi ni kuukuu, nimetoa misumari na nimepitisha sumaku mara mbili." Wengine watakataa, usikasirike, msumari mmoja unaharibu makali yake yote na ukiruka unaweza kumtoa mtu jicho. Wengine watakubali mkielewana kwamba makali yakiharibika utalipa kunoa. Hayo ni makubaliano ya haki.

7. Piga randa kidogo iwezekanavyo. Hii ndio hukumu yangu na siibadilishi: ukiondoa uzee wote umebaki na mbao ya kawaida, na ya kawaida ungenunua Elburgon bila taabu hii yote. Upande wa chini na pembeni piga randa mpaka iwe safi. Upande wa juu pitisha mara moja ama mbili tu, ubaki na alama za msumeno, matundu ya misumari, yale mawimbi meusi. Ya 6 kwa 1 ya zamani mara nyingi ni inchi moja kamili, so utabaki na kama robo tatu na kitu, inatosha.

Kingo ambazo zitaunganishwa na gundi lazima ziwe mpya na zimenyooka. Gundi haishiki mbao iliyopigwa jua na vumbi. Ziweke pamoja uzishike mbele ya dirisha, ukiona mwanga unapita katikati bado.

8. Unganisha uso wa meza. Mbao za inchi 6 nne hazitafika futi 2, sababu kila kingo ukinyoosha unapoteza. Kwa hivyo tumia tano halafu upunguze ya mwisho. Panga kwanza bila gundi, cheza nazo, weka yenye alama nzuri katikati, piga picha, andika namba kwa chaki.

Paka gundi nyembamba kingo zote mbili siku hiyo hiyo ulipopiga randa. Kaza klampu, mbili chini na mbili juu ili isipinde kama bakuli. Kama huna klampu, pigilia vibao viwili kwenye ubao mpana ukiacha nafasi kubwa kidogo kuliko upana wa meza, weka mbao katikati, halafu ingiza kabari za mbao pande mbili na ugonge polepole. Wazee wetu walifanya hivyo na meza zao ziko mpaka leo.

Usikaze mpaka gundi yote itoke. Ukiona matone madogo mstari mzima, inatosha. Iliyotoka ingoje iwe kama mpira, kama nusu saa, kwangua na patasi. Ukiifuta ikiwa maji utaisambaza kwenye vinyweleo vya mbao na vanishi haitashika hapo. Acha saa 24.

9. Tengeneza fremu. Kata miguu inchi 17. Kama ni 3 kwa 3, baada ya randa itakuwa inchi mbili na nusu.

Meza ya inchi 48 kwa 24, tunataka uso utokeze inchi 2 kila upande, so fremu nje kwa nje ni 44 kwa 20. Ukitoa miguu miwili, mbao ya urefu inayoonekana ni inchi 39 na ya upana ni 15. Ongeza ulimi, ule mwisho mwembamba unaoingia kwenye shimo la mguu, wa inchi moja kila mwisho: kata mbili za 41 na mbili za 17. Pima mara mbili kabla ya kukata, na pima miguu yako halisi, usitumie namba zangu kama yako imebaki inchi mbili na robo.

Ulimi uwe theluthi moja ya unene wa mbao. Shimo kwenye mguu toboa na drili matundu mfululizo halafu safisha na patasi. Ulimi uingie kwa kusukuma na mkono na kugonga kidogo. Ukiingia wenyewe ni mlegevu, ukihitaji nyundo nzito utapasua mguu, hasa ukiwa wa seda.

Gundisha pande mbili fupi kwanza, zikauke, halafu unganisha ndefu. Pima kona kwa kona kwa tepu, vipimo viwili vya mshazari vikiwa sawa fremu iko mraba. Hii inachukua dakika moja na inakuokoa.

10. Shikisha uso kwenye fremu, bila kuufunga. Kosa langu la pili liko hapa. Nilipiga skrubu kutoka chini moja kwa moja, uso ukashikwa kila mahali, mbao ilipotaka kusinyaa haikuwa na njia ikapasuka.

Mbao haibadiliki sana kwa urefu, inatanuka na kusinyaa kwa upana, na meza ya futi 2 inaweza kucheza hata robo inchi ikihama mji. Kwa hivyo toboa fremu tundu refu kama tundu la kifungo, urefu uelekee upana wa meza, skrubu iwe na washa (kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya kichwa chake), kaza mpaka ishike halafu rudisha robo mzunguko. Zile za katikati ya mbao fupi kaza kabisa, meza icheze kwenda pande zote mbili sawa. Gundi hapa usipake hata tone.

11. Msasa. Chini na miguu 80, 120, 180. Juu anza na 120 kwa mkono, kufuata mistari, na uache ukihisi hakuna kibanzi kitakachomchoma mtoto. Pembe zote zivunje kidogo. Matundu ya misumari mimi huyaacha, ila makubwa yanayoshika makombo huyajaza na epoksi iliyochanganywa na unga wa makaa, inakuwa nyeusi kama msumari wenyewe bado uko.

12. Paka. Futa vumbi. Kama ni seda ama mvule, pitisha kitambaa chenye thina kidogo kwanza, ile mafuta ya asili huchelewesha vanishi. Jaribu kwenye kipande kilichobaki. Paka nyembamba mara tatu, katikati ya kila mpako msasa wa 240 kwa mkono mwepesi. Vanishi isiyong'aa sana inafaa zaidi kwa mbao hizi, ile ya kung'aa kama kioo inaficha kila kitu ulichofanyia kazi. Chini pia paka, watu husahau, halafu unyevu unaingia upande mmoja meza inapinda.

Ukitumia mafuta ya linsidi, vile vitambaa usivikunje ukatupa kwa pipa. Vinapata joto vyenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje kwenye waya vikauke vigumu, ama uvitie kwenye ndoo ya maji.

Mambo yakienda vibaya

*Meza inayumba.* Usikate mguu haraka. Weka pahali sakafu ni sawa kabisa kwanza, sebule nyingi ndio zimepinda. Ikiwa bado, weka kadi chini ya mguu mfupi, chora mstari kwenye mitatu mingine kwa unene huo, punguza na msasa sio msumeno.

*Uso umejikunja kama bakuli.* Upande mmoja ulikauka kuliko mwingine. Igeuze, upande uliobonyea uangalie chini kwenye nyasi zenye umande asubuhi moja mbili ukiangalia kila saa, mara nyingi inarudi. Ikirudi paka pande zote mbili siku hiyo hiyo.

*Vanishi siku ya tatu bado inanata.* Kama ni mafuta ya seda, subiri wiki mahali pakavu. Ikiwa bado, toa yote na thina, kausha, anza na mpako mwembamba wa sila, ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi. Kama mbao ilipakwa oili chafu ya gari zamani kuzuia mchwa, na stoo nyingi zilipakwa, basi randa haikutosha. Ile iliyoingia ndani sana haitoki, itumie nje, kama benchi la bustani, bila vanishi.

*Jointi ya gundi imefunguka.* Angalia pande zote mbili. Kama gundi imebaki upande mmoja tu na mbao nyingine iko safi, kingo ilikuwa na vumbi ama mafuta. Usimwage gundi mpya juu ya ya zamani, haishiki. Piga randa kingo upya.

*Unga umeanza kuonekana chini ya meza.* Mdudu alikuwa ndani. Itoe nyumbani siku hiyo kabla hajahamia viti. Dawa ya kupaka inafika juu tu. Njia ya uhakika ni joto: karakana zenye tanuri ya kukausha mbao wanaweza kukuwekea, mbao ifike nyuzi 56 mpaka katikati yake na ikae hapo nusu saa kamili. Ndio maana nilikuambia hatua ya 2 gonga kwanza uone.

*Madoa meusi ya misumari yamekuwa makubwa baada ya kuosha.* Ni kutu na kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao zimekutana na maji. Mimi huyapenda na kuyaacha. Kama mteja hayataki, asidi ya oksaliki kutoka duka la kemikali huyatoa, lakini ni sumu, vaa glavu na miwani, suuza mara kadhaa, acha ikauke tena wiki mbili kabla ya kupaka.

*Harufu ya stoo haitoki.* Kama ni ya ng'ombe ama panya, futa na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kausha kivulini, rudia baada ya siku tatu. Sehemu ya chini ambayo haikupigwa randa ndio huwa imeshika, ipige msasa mpaka uone mbao mpya. Kama ni harufu ya dawa, ile kali inayouma pua, usiendelee. Hiyo mbao irudishe nje ya nyumba, mbali na kuku na maji ya kunywa, hata kama meza imeshakamilika.